Ukuta Hautupi Mpira

Burj Hammud, Jumatano

Kwa Bibi Yeranuhi Keshishian,
Safu ya kwanza, kiti cha pembeni, karibu na mlango wa wachezaji.

Bibi mheshimiwa,

Naubusu mkono wako na ninatumaini sukari imetulia. Ni mimi, Zareh wa duka la basturma, nyama yetu ya kukausha, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya mjukuu wako Nishan. Yule mrefu ambaye ukitaka kumtambua kwa kumpapasa uso inabidi kwanza akae.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati ngazi ya nyumba yako inaanzia mlangoni pa duka letu. Sababu ni kwamba nimekwisha kupanda mara kadhaa kuja kulalamika ana kwa ana, na kila mara nimeshindwa. Nikifungua mdomo, unatia kitu ndani. Mara ya mwisho nilipanda nikiwa na hasira halali kabisa, nikateremka na bakuli la manti, vile vidonge vyako vya unga vyenye nyama, mtindi wa kitunguu saumu kwenye kikopo, na ahadi ya kukutengenezea kitasa cha dirisha. Kitasa nimetengeneza. Malalamiko bado ninayo. Karatasi hailishwi, kwa hiyo naomba Bi Maral wa duka la dawa akusomee barua hii yote, taratibu, bila kuruka mahali patakapomchekesha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nishan aliingia katika timu kwa kazi inayojulikana. Hakuletwa kufunga, wafungaji tunao, na mmoja wao ndiye anayekuandikia. Aliletwa amkabe mshambuliaji hodari wa upande wa pili mpaka achukie kuzaliwa, asimame wapinzani wagongane naye ili sisi tupite, na auokote mpira sakafuni pale wengine tunapoogopa kuchubuka magoti. Kwa kazi hizo, Bibi, nakiri kwamba hana mwenzake kuanzia hapa mpaka Tripoli yetu ya kaskazini. Siku ya kwanza ya mazoezi Kocha Bedros alimshika mabega mbele yetu sote akamwambia, "Wewe ni ukuta, Nishan. Ukuta hautupi mpira." Nishan akaitikia kwa kichwa, kwa adabu yote uliyomlea nayo. Jumamosi iliyofuata ukuta ulipata mpira kwa mara ya kwanza, ukautupa kutoka mbali, ukaipiga saa ya ukumbini. Mpaka leo saa hiyo inaonyesha saa kumi na robo, na yuko refa mmoja mgeni aliyeiamini akatukatia mchezo kabla ya wakati.

2. Ningeelewa kama angekuwa na mahali pake pa kutupia. Kila mchezaji ana mahali pake. Nishan hutupa kutoka pembeni, kutoka katikati, na kutoka mbele ya benchi letu wakati Kocha bado anamweleza asitupe. Amewahi kutupa akiwa anaanguka. Amewahi kutupa akiwa ameshaanguka. Timu nyingine zimemjua; akipata mpira hurudi nyuma na kumfungulia njia kama wanampisha bibi harusi. Kocha mmoja wa mlimani aliwakemea vijana wake kwa sauti iliyonifikia hadi nilipo: "Mwacheni huyo, ni wa kwetu." Nishan akatupa, mpira ukapita juu ya ubao ukaenda kwa watazamaji, na yule kocha akampigia makofi ya dhati, yasiyo na dhihaka. Wakati wa mapumziko wakamletea maji.

3. Sasa nije kwangu. Mimi husimama chini ya kikapu, peke yangu. Sababu ya kuwa peke yangu unaijua kwa pua: natoka kazini moja kwa moja, na mtu aliyeshinda akiipaka nyama uwatu na kitunguu saumu hakabwi kwa karibu. Hiyo ni silaha ambayo hakuna timu nyingine iliyo nayo katika daraja hili, nasi tunaiacha ipotee bure. Nainua mkono kuomba mpira. Nauinua mpaka unakufa ganzi. Shangazi yangu Verjin, anayekaa safu ya juu, alidhani msimu mzima nilikuwa namsalimia, naye akawa ananipungia kila mara. Majuzi alinikemea mezani mbele ya wageni kwamba nimezidi, salamu moja inatosha, niangalie mchezo.

4. Kwa kuwa mimi si mtu wa kusengenya, nilimwendea mwenyewe kazini, juu ya paa la jengo la mtaa wa pili, alikokuwa anafunga paneli za jua. Nilimwuliza kwa upole. Baadaye alidai kwamba upole wangu ulimtia wasiwasi kwa sababu nilikuwa nimeishika ngazi yake, lakini niliishika kwa usalama wake. Nilitaka kujua kama ana ugomvi nami, au na Kocha, au na chuma cha kikapu. Alikaza skrubu mbili tatu kabla ya kujibu.

"Kukaba hakusikiki, Zareh," akasema. "Kuokota mpira hakusikiki. Bibi haoni. Onnik hataji jina langu mpaka nitupe."

Hapo ndipo nilipoelewa, na naomba radhi kwamba nilichelewa. Tangu vioo vya siku ile bandari ilipolipuka vilipochukua macho yako, Bi Maral hukushika mkono akakuleta ukumbini, na unachokijua juu ya mchezo ni kile Shemasi Onnik anachokisema kwenye kipaza sauti. Na Onnik hutaja jina la kila anayetupa mpira, uingie usiingie, kwa sauti ileile ya ibada, akilivuta mpaka mtu anatamani kusimama na kuitika amina. Mtu aliyechubuka magoti yote mawili kwa ajili ya timu hatajwi. Anayepiga saa ya ukumbini anatajwa.

Niliiachia ngazi yake, nikateremka kutoka paani.

Mtu mwingine angeishia hapo, akamwacha kijana atupe. Lakini mimi ni nahodha.

5. Nilikwenda kwa Shemasi Onnik nikamweleza hali ilivyo, nikamwomba awe anamtaja Nishan hata kwa yale anayoyafanya vizuri. Onnik ana moyo laini, akakubali hapohapo. Katika mchezo uliofuata ulisikia mwenyewe: Nishan amesimama imara, Nishan amekanyagwa na hajalalamika, Nishan ameupata mpira, ameutoa, Mungu ambariki. Jioni ile alitupa mara chache mno, na mimi nilipewa mpira mikononi kama mtu mwenye haki zake. Nilirudi nyumbani naimba.

Furaha yangu haikumaliza wiki. Mchumba wa Hovig, mlinzi wetu wa mbele, alitaka kujua kwa nini Hovig hatajwi naye akikaba. Akaanza kutajwa. Mama wa Kocha Bedros akauliza kama mwanawe ni mzuka, mbona amesimama pale muda wote na hakuna anayemtaja. Kocha akaanza kutajwa kila anapokunja mikono. Haikuchukua muda Onnik akawa anatangaza nani anafunga kamba za viatu, nani anakunywa maji, na nani amepungua uzito. Watu wakacheka, naye akanogewa. Siku tuliyocheza na vijana wa Jounieh akatangaza, kwa sauti ileile ya ibada, kwamba refa amekosea na anajua kwamba amekosea. Chama kikatuandikia onyo: mtangazaji ataje wanaotupa na wanaofanya madhambi tu, la sivyo tucheze bila mtangazaji.

Basi Nishan akarudia kutupa, kama mtu aliyefunga mfungo mrefu kisha akawekewa meza.

6. Nalazimika kukutaja na wewe, Bibi, kwa heshima zote. Nilipanda kwako nikakwambia ukweli ambao niliamini safu yako yote inakuficha: kwamba mipira ile haiingii. Nilijiandaa kukushika mkono ukilia. Wewe ukaendelea kukanda unga.

"Nimepofuka macho, mwanangu, sijawa kiziwi," ukasema. "Chuma nakisikia."

Kisha ukanikumbusha yale ambayo mtaa mzima unayajua lakini hakuna anayeyasema mbele yako. Siku ile ulikaa kwenye ua wa hospitali macho yamefungwa bandeji, mtu anasoma majina kwenye karatasi, nawe ukasikiliza mpaka jioni. La Nishan halikusomwa. Hukujua kutosomwa kwake ni habari njema au mbaya, na hapakuwa na wa kumwuliza, kwa kuwa kila mtu alikuwa anasikiliza la kwake. Alipokupata, alikuwa amezunguka hospitali zote kwa miguu, hana sauti hata ya kukuita.

"Tangu siku hiyo," ukasema, "likitajwa jina lake nami nimekaa kitini kwangu, napumua. Mpira uingie usiingie, hiyo ni shida ya Bedros."

Nilikuwa na jibu zuri sana, Bibi. Lakini ulikuwa umeshanipakulia.

Kwa kuwa sasa nimeshiba na nina akili zangu, naomba unisikilize. Jumamosi hii tunacheza na timu ya Zahle, na atakayeshindwa anashuka daraja. Tukishuka, kamati itaukodisha ukumbi kwa harusi kila mwisho wa wiki. Tayari amekuja bwana mmoja kupima kama meza za duara zitaenea chini ya vikapu. Magoti yangu nayo yameniambia kwamba huu ni msimu wao wa mwisho. Sitamani kuagwa nikiwa na mkono juu.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba Jumamosi ubaki nyumbani.

Usidhani nataka kukunyima jina. Nimekwisha kupanga. Shemasi Onnik atakuja kukaa jikoni kwako tangu mwanzo wa mchezo mpaka mwisho, na atamwita Nishan kila anapomaliza sahani, kwa sauti kamili, bila kujali Nishan wakati huo anafanya nini. Ukumbini tutakosa mtangazaji, lakini tutavumilia. Onnik akichoka, nimemrekodi kwenye simu. Kama utaona kuwa hiyo haitoshi, niko tayari mimi binafsi kusimama chini ya dirisha lako, lile lenye kitasa kipya, na kuliita jina la mjukuu wako nikifungua duka, nikila mchana na nikifunga duka, siku zote nitakazojaliwa kuishi, wateja wanielewe wasinielewe. Na kama bado utaona haitoshi, nikioa nikapata mtoto wa kiume nitamwita Nishan, nitamtuma dukani mara nyingi pasipo sababu, na mtaa mzima utakuwa unaliita jina hilo mchana kutwa. Yote haya nitayafanya kwa moyo mkunjufu, ili mradi Jumamosi mtu yule asitupe.

Natumaini utaliona ombi langu kuwa la kiasi.

Nisalimie Bi Maral, na umwambie dawa ya magoti aliyonipa inanuka kuliko mimi. Nisalimie jirani yako wa kasuku, na kasuku mwenyewe, na wote wa safu ya kwanza wanaokupigia makofi sikioni. Nishan usimsalimie kwa niaba yangu. Nitamsalimia mwenyewe akinipa mpira.

Nabaki mwanao mtiifu,

Zareh Terzian
Nahodha, na muuza basturma

Nyongeza, Jumapili.

Bibi, barua hii haikukufikia. Alhamisi na Ijumaa duka lilijaa, ikabaki kwenye mfuko wa aproni yangu, na sasa ina doa la uwatu ambalo Bi Maral asijaribu kulisoma. Mchezo umekwisha chezwa, nawe ulikuwapo. Lakini yako mambo ambayo hukuweza kuyajua ukiwa kitini, na ni haki yako nikuambie.

Umeme ulipokatika robo ya kwanza, jenereta ilikubali taa ikakataa kipaza sauti. Onnik alijaribu kwa koo lake mwenyewe, lakini watu wa Zahle walikuja na ngoma, na hata malaika asingesikika. Basi hapakuwa na jina la mtu lililotajwa. Na Nishan, Bibi, hakutupa. Hakutupa hata mara moja. Alikaba, akasimama, akaokota, akatoa. Alikuwa mchezaji yule ambaye Kocha Bedros humwona ndotoni. Tulikuwa mbele, na mbele sana, na Kocha alikuwa amekaa kwenye benchi, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Kisha mtu wao alipewa mitupo ya adhabu na wapiga ngoma wakanyamaza ili asitetereke. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mstari upande wako. Nikakuona umeinuka. Umeshika mkono wa Bi Maral kwa mikono yako miwili. Hukupaza sauti. Ulimwuliza kama aliyeanguka kwa kishindo mbele yenu muda mfupi uliopita alikuwa Nishan, na kama aliinuka. Bi Maral akakwambia aliinuka, yuko palepale. Nilikutazama uso. Hukumwamini.

Mpira uliofuata ulikuja kwangu. Aliyenipa ni Nishan, pasi nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu, na mimi niko chini ya kikapu, peke yangu kama kawaida. Mpira ule niliusubiri tangu vuli. Sijui kilichonipata. Nilimrudishia kule pembeni, na nikaliita jina lake kwa nguvu zote nilizonazo, jina na ukoo, na nikalivuta kama Onnik. Watu wa Zahle walidhani nimeumia.

Nishan alinitazama. Akakutazama wewe. Akatupa.

Chuma ulikisikia, nilikuona ukicheka na kukaa. Usichokiona ni kwamba mpira ulidunda ukaja mikononi mwangu, nami nikautia. Nikamwita tena, akatupa tena, chuma tena, nikautia tena. Baadaye Hovig alikuwa anamwita, safu yako inamwita, shangazi Verjin anamwita kwa mikono yote miwili, na hata ngoma za Zahle zikafuata mdundo wa jina lake, kwa sababu kwa hesabu yao akiendelea kutupa watashinda. Hawakuwa wakinitazama mimi. Tumebaki katika daraja letu, na mimi nimefunga kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilipokaa kuoga nikafikiri, nikagundua kwamba pointi zangu karibu zote za msimu huu zilitoka kwenye mipira aliyoikosa mjukuu wako. Muda wote niliodhani ananinyima, kumbe ndiyo njia pekee ya kunipa anayoijua. Magoti nimeyaomba mwaka mmoja zaidi.

Kwa hiyo naomba barua yote iliyotangulia uihesabu kama haijaandikwa, isipokuwa sehemu ya manti.

Jumamosi ijayo tuna mchezo wa kirafiki wa kufunga msimu; njoo mapema ukae palepale. Fundi anasema kipaza sauti hakitakuwa tayari, na sauti yangu mimi imekwisha. Hata wateja nawaonyesha bei kwa vidole. Zamu ya kumwita Nishan imemwangukia Kocha Bedros. Anafanya mazoezi kila jioni ukumbini, mlango umefungwa, ya kulitamka jina hilo mpaka mwisho bila kuongeza "usitupe."